Askari Asiyejulikana Jina

Kila mwaka, tarehe 1 Februari, Rwanda huadhimisha Siku ya Mashujaa. Shule hufungwa, bendera hupepea, na huko Kigali, katika makaburi ya mashujaa yaliyoko Remera, huwekwa mashada ya maua. Hapa Rubavu nasi hukusanyika mitaani, tukasikiliza hotuba, tukaimba, kisha kila mtu akarudi kwake. Bwana Mhariri ameniomba niandike somo kidogo juu ya siku hiyo, kwa ajili ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani. Nimekubali, ila sitaki kurudia hotuba, maana hotuba mmezisikia. Nataka tuchungue jambo moja tu ambalo wengi hulipita mbio, nalo ni hili: kwa nini mmoja wa mashujaa wakubwa kabisa wa taifa letu hana jina?

Wanafunzi wa darasa langu wanajua kwamba mashujaa wetu wamepangwa katika madaraja matatu, yaani Imanzi, Imena na Ingenzi. Katika Imanzi, ambalo ndilo la juu, wametajwa wawili tu. Mmoja ni Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema, aliyeongoza vita vilivyoanza tarehe 1 Oktoba 1990, akauawa kesho yake, tarehe 2. Mwingine ni Askari Asiyejulikana. Katika Imena wamo Mfalme Mutara III Rudahigwa, Michel Rwagasana, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Félicité Niyitegeka, na wanafunzi wa shule ya Nyange. Nitawarudia wawili wa mwisho, kwa sababu mmoja alikuwa jirani yetu hapa Gisenyi, na wale wengine walikuwa watoto wa shule kama ninyi.

Wazo la kumzika kwa heshima askari asiyejulikana si la zamani sana. Lilianza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Tarehe 11 Novemba 1920, Waingereza walimzika mmoja London na Wafaransa wakamleta wao Paris kwa heshima, siku ile ile. Wabelgiji wakafuata mwaka 1922 huko Brussels. Mabomu yalikuwa yamewavuruga watu hata haikuwezekana kusema hii ni maiti ya nani. Basi wakachukua mifupa ya mtu mmoja, wakampa mazishi ya mfalme, ili kila mama ambaye mwanawe hakurudi aweze kusimama pale na kusema moyoni, labda ni wangu. Wetu wa Remera ana maana pana zaidi: yeye ni badala ya wote waliokufa vitani kwa ajili ya nchi hii, na hata wale watakaokufa kesho.

Nilipokuwa nikifundisha haya, mwanafunzi mmoja wa kike aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, kama jina lake halijulikani, tutajuaje kuwa tumemkumbuka yeye?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile ndilo lenyewe. Nilimwomba anipe siku tatu. Haya ninayoandika ni jibu nililompa, nimelirefusha kidogo.

Ziko njia mbili za kukosa jina. Njia ya kwanza ni jina kupotezana na mwili. Askari aliandikishwa, jina lake limo katika orodha ya mishahara, mama yake analijua, afisa wake analijua, lakini mifupa iliyookotwa haisemi ni ya nani. Huyu jina lake lipo, na kaburi lake lipo. Kilichokosekana ni cha kuviunganisha. Njia ya pili ni jina kutoandikwa kamwe. Mtu alikuwapo, alifanya kazi, akafa, na hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kuuliza anaitwa nani. Hawa wawili hawafanani hata kidogo, ingawa sote huwaita "wasiojulikana". Na kama kuna mji unaofaa kujifunzia tofauti hiyo, ni huu wetu wa Gisenyi.

Mnaopita kandokando ya ziwa jioni mkitazama mitende na nyumba za kale, hamwezi kufikiri kwamba hapa palikuwa mstari wa mbele wa vita vya Ulaya. Mwaka 1914 Gisenyi ilikuwa boma la Wajerumani, na ng'ambo, upande wa Goma, walikuwa Wabelgiji wa Kongo. Kapteni Max Wintgens ndiye aliyeshika Rwanda kwa niaba ya Wajerumani. Tarehe 24 Septemba 1914 aliiteka Ijwi, kile kisiwa mnachokiona kusini siku isiyo na ukungu, ambacho mapatano ya mipaka ya mwaka 1910 yalikuwa yamekiweka upande wa Kongo. Kisha kwa muda wa mwaka mmoja na nusu watu wakapigana hapa, kati ya mji, mto Sebeya na miteremko ya volkano. Ni mto Sebeya huu huu uliofurika Mei 2023 ukaingia majumbani mwa watu na kuua.

Waliopigana ni nani? Maafisa walikuwa Wazungu, wachache. Wengine wote walikuwa Waafrika. Upande huu walikuwa askari wa Kijerumani pamoja na ruga-ruga, wakiwamo vijana wa Rwanda waliotolewa kwa idhini ya Mfalme Yuhi V Musinga. Upande ule walikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo. Wengi wa pande zote mbili walijua Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilikuwa lugha ya kambi na ya misafara katika nchi hizi. Nasema hili kwa wale wanaodhani Kiswahili kilifika Rwanda mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi.

Aprili 1916 Jenerali Charles Tombeur alianza mashambulizi makubwa. Hakuja kupitia Gisenyi peke yake. Kikosi kimoja, cha Molitor, kilizunguka kaskazini, na kingine, cha Olsen, kilivuka Rusizi kusini. Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei. Wintgens akaona atafungiwa nyuma, akaiacha Gisenyi. Wabelgiji wakaendelea hata Tabora, wakaingia tarehe 19 Septemba 1916. Vitabu husimulia hayo kwa mishale juu ya ramani. Mshale mmoja kutoka Kivu hadi Tabora ni rahisi kuuchora kwa penseli. Lakini kila risasi na kila gunia la chakula juu ya mshale ule vilikwenda kichwani mwa mtu. Hapakuwa na reli upande huu, barabara za magari hazikuwapo, na ng'ombe na punda walikufa njiani kwa mbung'o.

Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi. Akitoka nchi hii ya baridi, akateremka katika joto la Tabora, malaria ilimkuta mwili haujaizoea. Chakula nacho kilibadilika. Mtu aliyelelewa kwa maharage na viazi alipewa unga au nafaka asiyoijua, mara nyingi haijaiva kwa kuwa kuni zimelowa na hapana nafasi ya kupika. Waliuawa na kuhara damu, na kichomi, na uchovu, kuliko walivyouawa na risasi. Wanahistoria hutaja kwamba Wabelgiji peke yao walitumia wapagazi wapatao 260,000 katika vita vile. Waingereza walitumia hesabu kubwa zaidi, na wapagazi wao waliokufa wanakadiriwa kupita 95,000. Jina la kikosi chao mnalitamka bila kujua: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Mtu anakwenda sokoni kununua nyanya, kumbe anataja jeshi la marehemu.

Sasa angalieni majina yalivyopotea. Askari aliandikwa kwa sababu alipaswa kulipwa, kuvishwa, na kuadhibiwa akitoroka. Mpagazi, mara nyingi, aliombwa kwa hesabu: chifu fulani atoe watu mia, na chifu mwingine atoe hamsini. Karani alihesabu vichwa na mizigo. Mzigo ukifika Tabora, kwake kazi imekwisha, hata kama aliyeufikisha siye aliyeondoka nao. Huyu wa kwanza alilala wapi? Labda mwenzake aliyemfuata nyuma alijua. Mwenzake huyo akarudi nyumbani akakuta nyumbani nako kuna kifo, kwani Bugoyi yetu hii iliingia katika njaa ya Rumanura, ya mwaka 1916 hadi 1918, baada ya majeshi kula akiba na vijana kuchukuliwa. Waliopaswa kusimulia nao wakafa. Ndivyo jina linavyokufa mara ya pili.

Jenerali Tombeur, kwa upande wake, alipata jina zaidi. Alipewa ubaroni, akaitwa Tombeur de Tabora. Sina chuki naye. Alikuwa askari hodari. Lakini naona ni vema wanafunzi wa hesabu wajue kwamba katika safari moja ile mtu mmoja alirudi na majina mawili, na maelfu walirudi bila hata lile moja.

Wakubwa wa baada ya vita hawakusahau kabisa. Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam, ambayo hata leo watu huielekezea njia. Nairobi ziko sanamu tatu, na mmoja wa wale watatu ni mpagazi; maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni sanamu nzuri. Lakini nendeni mkatafute juu yake jina la mtu. Hakuna. Ilhali Tume ya Waingereza ya makaburi ya vita, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilikuwa imejiwekea sharti kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, bila kujali cheo wala rangi. Mwaka 2021 Tume hiyo hiyo ilitoa taarifa ikakiri kwamba sharti hilo halikutimizwa kwa wote: watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa.

Je, miaka mia ikishapita, kazi imekwisha? Hapana. Mwaka 2025, huko Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika waliofanya kazi za vita vile vile, na juu yake yameandikwa majina zaidi ya 1,700. Yalitafutwa katika makaratasi yaliyokuwa yamelala makabatini. Kumbe baadhi ya majina tunayoyaita yamepotea yamefunikwa tu.

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya askari wa zamani wa Wajerumani. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa wale waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba wazee mamia walikuja Mwanza kupokea, lakini wachache tu walikuwa na cheti. Mlipaji akawaza, akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akampigia amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Miaka hamsini imepita, na mikono bado inakumbuka! Kisa hiki huwachekesha wanafunzi, nami hukipenda. Lakini baada ya kucheka hujiuliza: mpagazi angepewa mtihani gani? Hakufundishwa gwaride. Alichokuwa nacho ni kipara kidogo utosini mahali pa mzigo, na uzee huleta vipara kwa watu wote.

Hapa naomba ruhusa ya kusema neno juu ya lugha, kwani hii ni sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu. Tusiyachanganye maneno "shujaa" na "mhanga". Shujaa ni mtu anayeikabili hatari naye anaijua. Mhanga, kwa asili, ni kile kinachotolewa sadaka, na ndiyo maana twasema mtu amejitoa mhanga. Siku hizi magazeti humwita mhanga kila aliyepatwa na msiba, hata aliyegongwa na baiskeli. Mpagazi wa 1916 hakujitoa, alitolewa. Sidhani ni haki kumwita shujaa ili tujisikie vizuri. Wala si haki kumnyima nafasi katika kumbukumbu kwa kuwa si shujaa. Tumwite mpagazi, na tumtafutie jina.

Kwa sababu hii hii, taifa halikuiweka siku moja kwa ajili ya wafu wote. Tarehe 7 Aprili twaanza maombolezo ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Wale hawakuwa jeshini. Waliwindwa majumbani mwao. Tarehe 4 Julai ni siku ya ukombozi, na waliopigana vita ile wangali hai, wengi wakiwa na umri wa babu zenu. Tarehe 1 Februari ni ya mashujaa. Anayezichanganya tarehe hizi anawachanganya watu.

Nimeahidi kumrudia jirani yetu. Félicité Niyitegeka hakuwa askari. Alisimamia Centre Saint-Pierre hapa Gisenyi, na mwaka 1994 aliwaficha watu waliokuwa wakitafutwa na kuwavusha wengine kwenda Goma. Yeye mwenyewe hakuwa akitafutwa. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimtaka ajiondoe. Akamjibu kwa barua kwamba hatawaacha watu 43 alio nao, ni heri afe nao. Aliuawa tarehe 21 Aprili 1994 katika makaburi yaliyoitwa Commune Rouge. Wanafunzi hushangazwa na ujasiri wake, nao wana haki. Mimi hushangazwa pia na ile tarakimu. Katika siku ambazo wauaji waliwasema watu kama kundi, yeye alikuwa amewahesabu mmoja mmoja.

Na wale wa Nyange, tarehe 18 Machi 1997, walikuwa katika masomo ya jioni, madarasa ya tano na ya sita. Watu wenye silaha waliingia, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Walikataa. Walipigwa risasi na mabomu. Baadhi wakafa, wengine wakapona na majeraha. Majina ya waliokufa yajulikana, kwa kuwa waliokaa nao dawati moja wanayataja kila mwaka. Hivyo ndivyo jina linavyohifadhiwa: mtu mmoja aliyekuwapo halinyamazii.

Baada ya kipindi kile, mwanafunzi mwingine alibaki hadi wenzake wametoka. Babu yake, alisema, alikufa vitani upande ulioshindwa, na nyumbani hatajwi. Je, na yeye amwandike? Nilifikiri kabla ya kujibu, na najua baadhi ya wasomaji hawatakubaliana nami. Nilimwambia kwamba kuheshimu ni jambo moja na kujua ni jambo jingine. Siku ya Mashujaa ni ya kuheshimu, na taifa ndilo linalochagua. Lakini mjukuu ana haki ya kujua babu yake alikuwa nani na alilala wapi. Ila ukiuliza, uliza yote. Uliza alikufa wapi, na uliza pia alikuwa wapi Aprili 1994 na alifanya nini huko. Ukipata jibu usilolipenda, nalo uliandike. Anayetaka nusu ya habari asianze kuuliza. Alinyamaza, akashukuru, akaenda. Bado hajaniambia kama aliuliza.

Basi, kazi ya likizo ni hii. Kila mmoja, akifika nyumbani, amtafute mtu mzima kuliko wote katika ukoo wake au kilimani kwake, amwulize kama kuna aliyechukuliwa kubeba mizigo ya Wabelgiji au ya Wajerumani. Hakuna aliyeiona vita ile ambaye yu hai, lakini wako waliosimuliwa na aliyeiona, na hao nao hawatukai daima. Msianze kwa kuuliza mwaka, maana wazee wengi hawahesabu hivyo. Ulizeni kama ilikuwa kabla ya Rumanura au baada yake. Andikeni jina lake kamili, la baba yake, kilima alichotoka, aliyeondoka naye, na nani alimwona mara ya mwisho. Kama mzee hajui, andikeni "hajui", msijaze kwa kukisia. Na kama mzee amechoka, mwacheni apumzike, mrudi kesho na sukari kidogo.

Wanafunzi wa zamani walio mbali, Goma, Kigali au ng'ambo ya bahari, wanaweza kumpelekea Mhariri barua. Daftari liko kwa mtunza maktaba, lile la jalada jeusi, na kila jina litaandikwa kwa wino. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali msiikate.